Gari la Umeme: Tupime Uzito Kabla ya Kutoa Fedha



Mwezi uliopita walifika ofisini kwetu wazee watatu kutoka katika skimu ya Shimba Hills. Hawakuja kwa habari ya mbegu wala ya dawa ya michungwa, bali walikuja kuuliza habari ya motokaa. Kikundi chao kimeweka akiba fedha za machungwa za misimu miwili, nao wamechoka kuwauzia madalali ambao huja na lori lao na bei yao mkononi. Wanataka gari lao wenyewe la kushusha matunda na maziwa hadi Ukunda. Tena wamesikia ya kwamba gari kuukuu laweza kutolewa injini, likatiwa mota ya umeme na betri, likaacha kabisa kunywa petroli.

Hayo ni kweli, na ni jambo jema. Lakini gari walilokwisha kulichagua ni Land Rover ndefu ya zamani, iliyo kwa mtu mmoja huko Likoni, na mtu huyo amewapa siku chache tu walete fedha za kwanza.

"Mwalimu," akasema mkubwa wao (huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla sijawa karani), "gari hili ni chuma hasa. Halitatufia njiani."

Nikamjibu, "Mzee, niwie radhi, lakini mimi nisingelinunua gari hilo hata kwa nusu ya bei." Walikunywa chai yao, wakaaga kwa adabu, nami niliona kwamba hawakufurahi. Basi naandika hapa sababu zangu, ili wao wazisome kwa utulivu, na wengine wenye mawazo kama yao wazisome pia.

Anayenunua gari la petroli hana haja ya kufikiri sana juu ya uzito. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja, na ndani yake mna nguvu ya kama yuniti 9, yuniti zile zile mnazonunua kwa tokeni. Injini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa joto na moshi, lakini hata hivyo tangi lililojaa laweza kulisukuma gari zito mwendo mrefu, na likiisha utajaza tena kwa dakika tano. Betri si hivyo. Betri nzuri ya lithiamu yenye uzito wa kilo 100 hubeba yuniti 11 au 12 tu. Zile za risasi na tindikali, kama zilizo katika malori, hubeba yuniti 3 kwa uzito huo huo, nazo huharibika upesi ukizimaliza zaidi ya nusu. Kwa hiyo kila kilo ya gari hudai betri, na betri nayo huongeza kilo.

Tena betri ndiyo kitu ghali katika kazi hii yote. Mara nyingi hupita bei ya hilo gari kuukuu lenyewe. Gari la bei rahisi lililo zito humfanya mtu afurahi siku ya kununua, kisha alie siku ya kununua betri.

Sasa natuangalie mlima wetu. Kutoka ufuoni hadi mji wa Kwale ni kupanda kiasi cha mita 400. Kuinua tani moja mita 400 kwahitaji kama yuniti moja ya umeme, na hiyo ni kuinua tu, kabla ya kuhesabu mwendo wenyewe, upepo, na msuguano wa magurudumu. Hesabu hii ni ya darasani, na mtoto wa sekondari aweza kuwafanyia.

Lakini wengi hawalifikiri jambo moja. Ninyi mlio juu mnashuka na mzigo na kupanda watupu. Machungwa, maziwa na mihogo hushuka kwenda Ukunda na Diani penye mahoteli na wanunuzi, na jioni gari hurudi na mfuko wa chumvi na kopo la rangi. Basi mzigo mnaoupandisha mlimani kila siku ni gari lenyewe. Land Rover ile ina uzito wa kilo 1,800 hivi ikiwa tupu, kwa hiyo mtakuwa mnapandisha tani mbili za chuma kila jioni bila kupata hata senti moja. Kigari cha kilo 800 kingepanda mlima huo huo kwa nguvu isiyofika nusu.

Na wakati wa kushuka, mota ya umeme ikipangwa vizuri hugeuka kuwa jenereta, hulishika gari na kurudisha sehemu ya nguvu katika betri. Hapo mzigo wenu wenyewe unawapa umeme. Kuna tahadhari moja tu: msiijaze betri kabisa usiku kama safari ya asubuhi huanza kwa kuteremka, kwa maana betri iliyojaa haina mahali pa kuuweka umeme huo. Iacheni na nafasi ya sehemu moja katika kumi.

Natufanye hesabu ya siku nzima. Kutoka Kwale hadi soko la Ukunda hakuzidi kilomita 30 hivi, basi kwenda na kurudi ni 60. Kigari chepesi hula yuniti 12 hadi 15 kwa kilomita 100, yaani yuniti 9 kwa safari hiyo. Weka akiba kidogo, na betri ya yuniti 13 au 14 yatosha. Land Rover, ambayo juu ya uzito wake ina uso mpana kama kabati na husukumana na upepo njia nzima, itakula yuniti 30 au 35 kwa kilomita 100, maana yake 20 kwa safari yenu. Ukiweka akiba, utanunua betri ya yuniti 30. Ni betri mbili badala ya moja, kwa kuchukua machungwa yale yale kwa mnunuzi yule yule.

Wazee waliniuliza, "Mbona basi hayo magari ya watalii yaliyobadilishwa ni Land Cruiser na Land Rover?" Swali hili ni zuri, na najua watu wengi wameziona picha hizo. Ni kweli kwamba kampuni iitwayo Opibus ilianza kazi mjini Nairobi mwaka 2017 kwa kubadili magari ya namna hiyo, na kambi ya Emboo katika Maasai Mara huwatembeza wageni kwa magari yasiyotoa sauti, yanayochajiwa kwa nguvu ya jua. Lakini tazameni kazi ya magari hayo. Hutembea polepole, husimama nusu saa mbele ya simba, hurudi kambini mchana na kuchajiwa. Mgeni hulipa fedha nyingi ili asisikie injini. Nani kati yetu atalipwa zaidi kwa machungwa yake kwa sababu yalifika kimya? Na kampuni ile yenyewe, ambayo tangu mwaka 2022 huitwa Roam, iligeuza nguvu zake kwenye pikipiki na mabasi. Pikipiki ni nyepesi, na basi hubeba watu wengi kwa kila kilo ya chuma.

Wasio na fedha waliotaka kujaribu kazi hii duniani walianzia mahali pengine kabisa. Huko Kanada, katika miaka ya 2000, watu wawili walichukua Geo Metro, kigari kidogo kilicho ndugu wa Suzuki Swift, wakakitia mota iliyotoka katika forklifti, mashine ile ambayo kila aliyefika bandari ya Kilindini ameiona ikinyanyua mizigo. Walitumia chini ya dola 1,000 za Kanada. Kilikuwa hakiendi mbali, lakini kiliwapeleka madukani na kuwarudisha. Walichagua kigari kile kwa sababu kilikuwa chepesi, na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekitaka.

Basi ningechagua gari gani? Kwa kazi ya matunda na maziwa ningetafuta kwanza vile vigari vya Kijapani vya mizigo vyenye injini ndogo ya sisi 660: Suzuki Carry, Suzuki Every, Daihatsu Hijet, Mitsubishi Minicab. Kwa sheria ya Japani vigari hivyo havizidi urefu wa mita 3.4, na mzigo wake ni kilo 350. Vingi havifiki kilo 900 vikiwa vitupu. Wala msidhani kwamba haya ni ndoto za karani. Mwaka 2011 kampuni ya Mitsubishi yenyewe ilitoa Minicab ya umeme kiwandani, yenye betri ya yuniti 10.5 au 16, na kwa kipimo cha Kijapani ilikwenda kilomita 100 au 150. Linganisheni na hesabu yangu ya hapo juu.

Kama mzigo wenu ni mkubwa zaidi, Probox ya gia za mkono yafaa. Ina uzito wa kama tani moja na huchukua kilo 400. Vipuri vyake vimejaa kila kona ya nchi, na kila fundi amekwisha kuifungua mara mia. Lakini hapo ndipo ningeweka mpaka. Na ukipata pikapu ndogo ya kale kama Datsun 1200, ambayo chuma chake hakijaliwa, usiicheke. Haina usukani wa mafuta wala mitambo mingi ya kutatiza.

Nasema "gia za mkono" kwa sababu giaboksi ya otomatiki hutegemea injini iwe inazunguka daima, na kuifungia mota ya umeme ni kujitafutia taabu. Vivyo hivyo busta ya breki. Katika magari mengi busta hupata nguvu yake kwa kuvuta hewa ya injini. Ukiitoa injini, busta haifanyi kazi, na kanyagio huwa gumu kama jiwe. Itakubidi ununue pampu ya umeme ya kuvuta hewa. Hili si jambo la kuahirisha hadi mavuno yajayo, kwa maana barabara ya kutoka Kwale kwenda Kombani mnaijua.

Sasa niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe, nami silisemi kwa fahari. Miaka michache iliyopita mimi na ndugu yangu tulinunua pikapu ndogo pale Ukunda. Tuliwashwa injini, tukainamisha vichwa tukaisikiliza, tukaambiana kwamba inaimba vizuri. Rangi ilikuwa mpya. Mwezi wa tatu tulipakia magunia manne ya mihogo, na tulipofika karibu na Msambweni sehemu ya nyuma ililala chini. Chasisi ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi mpaka imekuwa kama mkate, na juu yake pamepakwa lami nyeusi ili isionekane. Injini iliendelea kuimba pale pale kando ya njia, na watoto wa shule wakitutazama.

Anunuaye gari la kubadilisha yampasa afanye kinyume cha tulivyofanya sisi. Injini haina kazi kwako, maana utaitoa na kuiuza kama chuma chakavu au vipuri. Gari lenye injini iliyokufa na mwili mzima ndilo lako, tena muuzaji atashukuru kuliondoa uani mwake, na bei itashuka sana. Lala chini yake mchana kweupe. Chukua bisibisi uichome chasisi kwa nguvu, hasa mahali zinaposhikwa springi na chini ya miguu ya dereva. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu uipitishe juu ya mabati. Mahali isiposhika, pamejazwa puti penye tundu. Na gari lililofanya kazi miaka mingi katika mahoteli ya ufuoni, ogopa. Kama una jamaa Nakuru au Nyeri, mwombe akutafutie huko bara, ambako hakuna upepo wa bahari. Nauli ya kulileta haifikii gharama ya kuunga chasisi.

Magari ya kutoka nje ni habari nyingine. Sheria hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe, kwa hiyo la bei rahisi hasa ni lile ambalo tayari liko hapa. Hakikisheni kitabu cha gari kina jina la huyo anayewauzia, wala si la marehemu mjomba wake. Na mkiisha kubadilisha injini, hapana budi NTSA ijulishwe, gari likaguliwe na kitabu kirekebishwe. Bila hivyo bima yaweza kuwakana siku ya ajali.

Najua mtasema nini juu ya matope. Mzee mmoja alisema, "Kigari hicho chenye magurudumu ya mkokoteni kitazama mwezi wa Mei." Ni kweli, kitazama. Land Rover nayo huzama, nimeiona kwa macho yangu. Lakini kigari cha kilo 800 vijana wanne hukisukuma kikatoka, na Land Rover hungoja trekta. Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu. Kwa wale walio mbali na barabara nzuri, ambao njia yao mvua za masika huigeuza kuwa uji, na ambao mzigo wao ni magunia kumi ya mahindi kwa mara moja, kazi hii ya umeme bado si yao. Wabaki na kukodi lori, au wafikishe mzigo kwenye lami kwa mkokoteni wa punda. Mimi nasema na wenye safari fupi, ya kila siku, ya njia ijulikanayo.

Walisema pia kwamba kilo 350 ni kidogo. Hapo niliwaomba daftari lao la mauzo, nikakaa nalo jioni moja. Zipo siku za msimu ambapo walishusha kilo 900. Lakini siku hizo zilikuwa chache, na siku nyingi zaidi mzigo wote, matunda pamoja na maziwa, haukufika kilo 400. Kununua gari la kilo 900 kwa ajili ya siku chache ni kama kupika sufuria ya harusi kila usiku. Siku za msimu kigari chaweza kwenda mara mbili au tatu kikichajiwa mchana, au kikundi kikodi lori kwa siku hizo tu.

Juu ya betri zenyewe nitasema machache, maana yafaa kuulizwa fundi aliye na ujuzi. Zipo za Nissan Leaf za kwanza, zilizotolewa katika magari yaliyogongwa. Betri moja nzima ina moduli 48, kila moja ya kilo 3.8, na waweza kununua sehemu tu. Lakini betri hizo hazipozwi kwa maji, na katika nchi za joto zimeonekana kuchoka upesi. Pwani yetu si baridi. Mimi ningechagua zile za lithiamu na fosfeti ya chuma, ambazo huvumilia joto zaidi, na gari ningeliweka chini ya mwembe, si chini ya paa la mabati. Wala msimruhusu fundi wa taa na altaneta aguse kazi hii kwa sababu tu ni jirani. Umeme wa betri nyingi zilizofungwa pamoja huua mtu, nao hauzimwi kwa kuchomoa plagi.

Kwa upande wa gharama ya kila siku, mwaka 2023 ilipitishwa bei maalum ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa ambazo watu hawatumii umeme mwingi, kabla ya kodi na tozo. Ulizeni Kenya Power masharti yake na bei ya sasa kabla ya kuitegemea. Kwa bei hiyo yuniti 9 za safari yetu ni shilingi 144, na kodi juu yake. Injini ndogo ya petroli ingekunywa kama lita 5 kwa mwendo huo. Bei ya lita mnaijua kuliko mimi.

Jana mkubwa wa wale wazee alipita tena ofisini, safari hii peke yake. Hakusema kwamba nimeshinda, wala sikumwuliza. Aliuliza tu kama ile mizani kubwa ya ofisi yaweza kuazimwa, na kama ni kweli sumaku ya spika haishiki puti. Nimemwambia mizani ipo, na Jumanne asubuhi nitakuja nayo tupime mzigo kabla haujateremka. Fedha za kwanza za Likoni bado hawajazitoa.